Kulala Ndani ya Lori: Safari ya Nachingwea na Ruangwa

Ukifika Nachingwea wakati wa msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba, utayaona malori yamepanga mstari karibu na maghala. Mengine ni makubwa yenye matela. Mengine ni Fuso za kawaida. Yatazame vizuri. Utaona taulo limeanikwa kwenye usukani, mswaki umewekwa mbele ya kioo, na pengine miguu ya mtu imetokeza dirishani. Usimcheke. Mtu huyo yuko nyumbani kwake.

Vijana wetu wengi wanaingia katika kazi hii. Huenda mwanao ni utingo leo, na mwakani atashika usukani. Kuendesha atafundishwa. Kuishi ndani ya lori hafundishwi na mtu, naye akiishi vibaya hatalala. Dereva asiyelala ni hatari kwake na kwako wewe unayetembea kando ya barabara.

Pengine utauliza, kwa nini mizigo yetu yote ibebwe na malori? Zamani treni ilifika Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa, na pia Kongwa na Urambo. Wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku bara. Karanga hazikustawi kama walivyotaka, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli nayo haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Tangu hapo gunia la korosho likitoka Nachingwea hutoka juu ya lori. (Nachingwea ilikuwa pia na kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, mpaka Msumbiji ilipojitawala mwaka 1975. Hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Barabara yenyewe si ndefu sana. Kutoka Mtwara kupitia Mingoyo mpaka Masasi ni kilomita kama 200. Kutoka Masasi mpaka Nachingwea ni kilomita kama 45. Kinachomchosha dereva ni kungoja. Korosho ziliingia katika mpango wa stakabadhi ghalani mwaka 2007. Wewe mkulima unapeleka korosho zako kwenye chama chako cha msingi. Lori linazichukua na kuzipeleka ghala kuu. Huko zinapimwa na kupigwa mnada. Kisha lori jingine linazipeleka bandarini. Kila mahali kuna foleni. Dereva anaweza kulala hapo usiku mmoja, au mitatu. Mgeni wa kazi haamini mpaka yamkute.

Sasa tuingie ndani ya kebini. Nyuma ya viti kuna kitanda. Katika lori dogo ni ubao wenye godoro jembamba, na upana wake hauzidi sana mabega ya mtu. Mahali padogo hivi panataka utaratibu kuliko nyumba ya vyumba vitatu. Spana, jeki, kamba na minyororo vikae nje, kwenye sanduku la vifaa. Vikiingia ndani, grisi itafika kwenye shuka siku hiyo hiyo. Nguo zikae kwenye mfuko laini, si kwenye sanduku la bati. Mfuko laini usiku unakuwa mto. Sanduku la bati, breki zikikanyagwa ghafla, linakuangukia kichwani.

Kuna jambo moja hapa ambalo kijana asilisahau. Chini, karibu na miguu ya dereva, pasikae kitu chochote. Chupa ya maji ikibingirika mpaka chini ya kanyagio la breki, breki haishuki. Kandambili nazo hufanya hivyo hivyo. Lori lenye tani nyingi za korosho, likiwa mteremkoni, halitakupa nafasi ya kuinama na kuitoa chupa.

Kabla ya kulala, dereva atafute mahali pa tambarare. Kama hakuna, alaze kichwa upande wa juu wa mteremko. Aweke kigingi au mawe makubwa kwenye magurudumu, hata kama breki ya mkono ni nzima. Dirisha aache wazi kidogo ili hewa ipite, na mahali palipo wazi afunge kipande cha chandarua. Malaria huku kwetu haina msimu wa kupumzika. Chandarua kizima juu ya kitanda ni bora zaidi, na ndoano mbili tu zinatosha kukitundika. Redio isiachwe ikiimba usiku kucha, maana asubuhi betri itakuwa imekwisha na foleni itasogea bila yeye.

Je, utingo atalala wapi? Hili halipendi kuzungumzwa. Kitanda ni kimoja na watu ni wawili. Wengine hupokezana. Wengine humlaza utingo kwenye viti vya mbele, na si vibaya akipata godoro la kutandika juu. Lakini asilale chini ya lori kwa sababu kuna kivuli. Katika foleni malori husogezwa wakati wowote, na anayesogeza hajui kwamba kuna mtu kwenye mkeka.

Chakula si taabu. Akina mama lishe wapo karibu na kila ghala, wana ugali, maharage na samaki. Wakati wa kiangazi, barabarani utauziwa ming'oko iliyochemshwa. Dumu la lita 20 la maji lijazwe kila linapopatikana bomba la maji safi, na lingine dogo liwe la kunawa. Tatizo ni uraka. Msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, na pombe ya mabibo iko kila kona na bei yake ni ndogo. Kijana anayengoja siku ya tatu bila kazi huona hakuna ubaya. Saa kumi alfajiri anaitwa apakie.

Tukitoka Nachingwea tunakwenda Ruangwa. Unaweza pia kufika Ruangwa kwa kukata kona Nanganga, kwenye barabara ya Masasi. Ruangwa sasa inatajwa sana kwa madini ya kinywe, lakini dereva wengi wanaijua kwa ufuta. Ufuta huuzwa kuanzia mwezi wa Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Mzigo huu ni msumbufu. Punje ni ndogo, na tundu la kidole kwenye gunia humwaga kilo nyingi njiani. Dereva akague magunia na turubai kila jioni kungali mwanga.

Miezi hiyo usiku huwa na baridi. Hapo ndipo watu hufanya kosa la kuua. Wanaingiza jiko la mkaa ndani ya kebini na kufunga vioo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii. Hakohoi, haamki, na asubuhi anakutwa amekufa akiwa kama amesinzia. Kuacha injini ikinguruma usiku ili kupata joto kuna hatari hiyo hiyo. Dawa ya baridi ni blanketi zito na soksi. Jiko liwashwe nje, mbali na mzigo, na hasa mbali na korosho, maana ganda la korosho lina mafuta yanayowaka sana.

Wataalamu wamepima na kuona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya mambo kama aliyekunywa pombe. Macho yako wazi lakini akili imechelewa. Mwenye gari yuko mjini na simu, anauliza mzigo umefika wapi. Kijana mpya anaogopa kumwambia kwamba anataka kulala. Mimi naona mwenye gari anayemkataza dereva wake kulala hajui hesabu. Bei ya lori moja lililopinduka inalipia usiku mwingi wa kupumzika.

Nawe msomaji, lori likija kijijini kwako kuchukua korosho au ufuta, mwonyeshe dereva mahali pa tambarare pa kuegesha. Mwonyeshe kisima na choo. Akilala mchana, watoto wasimpigie kelele, na wasicheze chini ya lori. Watoto hupenda kivuli kile. Kabla ya kuwasha injini, dereva na utingo wazunguke lori lote, wainame, wachungulie katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.