Safari ya Bujora katika Nchi ya Usukuma

Katika nyumba nyingi za Wakristo swali hili huulizwa mara kwa mara: je, ngoma na desturi za wazee wetu zina mahali gani katika maisha ya mtu aliyebatizwa? Wako wasemao kwamba zote ni za giza, na heri zisahauliwe. Wako na wengine wasemao kwamba zote ni njema, na kila azikataaye amewadharau baba zake. Mwezi huu twataka kuwaongoza mpaka mahali ambapo watu wamelishughulikia swali hili kwa miaka mingi, nao wametuachia kazi ya kutazamwa kwa macho. Mahali hapo ni Bujora.

Mtu atokaye mji wa Mwanza hushika barabara kuu iendayo Musoma. Huku na huku huona majabali makubwa yaliyopandana, hata mgeni hushangaa yasivyoanguka. Akiisha kwenda yapata kilometa 20 hufika Kisesa. Hapo huiacha barabara kuu, akafuata njia ndogo kwa mwendo mfupi, ndipo aingiapo Bujora.

Kwanza ataona kanisa. Limejengwa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Ndani yake, altare imefanywa kwa mfano wa kiti cha enzi cha mtemi, na tabernakulo kwa mfano wa nyumba. Mzee wa Kisukuma aingiapo humo, hata kama hajui kusoma herufi moja, atafahamu mara moja kwamba hapa ndipo akaapo Mfalme. Hayo ni mafundisho ya dini yasiyohitaji kitabu.

Aliyeianza kazi hii ni Padre David Clement, mzaliwa wa Quebec katika nchi ya Kanada, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita White Fathers. Alikaa na Wasukuma, akajifunza lugha yao, akawauliza wazee habari za mambo yao. Katika miaka ya 1950 alianza kazi hapo Bujora, na mwaka 1968 makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa. Padre huyu alifariki mwaka 1986, walakini kazi haikufa pamoja naye. Hata leo wageni hupokewa, wawe Wakristo au Waislamu, wawe wa nchi hii au wa mbali.

Katika makumbusho hayo yamo majumba kadha wa kadha. Limo boma la Kisukuma, ambamo mtoto wa mjini aweza kuona jinsi bibi yake alivyoishi, vyombo alivyopikia na mahali alipohifadhi nafaka. Imo nyumba ya mhunzi, ili watu wakumbuke kwamba wazee wetu walifua majembe yao wenyewe kabla majembe ya dukani hayajafika. Imo na nyumba ya mganga. Tena liko jumba la watemi, nalo limejengwa kwa mfano wa kiti cha enzi. Humo zimewekwa ngoma za kitemi na vitu vingine vya heshima.

Yafaa tujue kwa nini jambo hili lilikuwa na haraka. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu. Ngoma iliyopigwa kwa ajili ya mtemi, sasa ipigwe kwa ajili ya nani? Kitu kisicho na kazi husahauliwa, na kitu kilichosahauliwa huliwa na mchwa. Kama hapangalikuwa na mahali pa kuvitunza, vitu vingi vingalioza au vingaliuzwa kwa wageni, na wajukuu wangaliambiwa habari zake kama hadithi tu.

Sasa na tuje kwenye ngoma, kwa maana ndizo zilizoleta ubishi mwingi. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagalu na Wagika. Wazee husimulia kwamba vilianzishwa na watu wawili walioshindana, Gumha na Ngika. Hata leo vyama hivi hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kishindacho. Wako na wachezaji wengine. Wayeye hucheza na nyoka, na kati yao wako wajuao dawa ya kuumwa na nyoka. Wanunguli asili yao ni wawindaji wa nungunungu, mnyama aharibuye mashamba. Na bugobogobo huchezwa kwa majembe, kama kazi ya shamba ifanywavyo. Nguvu ya wimbo hupunguza uzito wa jembe.

Mashindano makubwa ya Bujora huitwa Bulabo, nayo hufuatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kwa kawaida mwezi wa Juni, wakati mavuno yamekwisha kuingia nyumbani. Jina hilo maana yake ni maua, kwa sababu ya maua ya maandamano ya Sakramenti Kuu. Basi sikukuu ya Kanisa na furaha ya mavuno zikakutana katika uwanja mmoja.

Walakini tusifiche ugumu wake. Zamani mshindani wa ngoma alitafuta dawa ya kuvuta watu na ya kumdhuru mwenziwe, na nyimbo nyingine zilijaa matusi. Kwa sababu hiyo walimu wengi wa dini waliwakataza wakristo wao kwenda ngomani kabisa, nao hawakukataza bure. Lakini katazo hilo lilikuwa na hasara yake: kijana aliyependa ngoma alikwenda kwa siri usiku, na huko hakuwapo mtu wa kumshauri. Bujora walichagua njia nyingine. Waliileta ngoma mchana, mbele ya wazee na wazazi na mapadre, ili sanaa ionekane peupe, na uovu ukitokea ujulikane. Mwaka 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano nao ulifundisha kwamba muziki wa mataifa upewe heshima iupasayo katika ibada.

Twakumbuka pia mfalme Daudi, jinsi alivyocheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Agano, na jinsi Mikali alivyomdharau moyoni. Mungu hakumkemea Daudi. Na Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kuyapima mambo yote na kulishika lililo jema. Kupima ni kazi: mwenye kutupa yote hakupima, wala mwenye kupokea yote hakupima.

Basi ninyi walimu, mkiweza, wapelekeni wanafunzi Bujora, au makumbusho yaliyo karibu nanyi. Msiwaache wapite mbio kama watu walio sokoni. Wapeni kila mmoja kitu kimoja cha kutazama, ngoma au jembe au kiti, kisha arudi nyumbani awaulize wazee jina lake na kazi yake. Na ninyi wazazi, mtoto akiwauliza habari za babu, msimjibu kwamba hayo yamepita. Mwelezeni lililokuwa jema, na lililokuwa baya mlitaje kwa jina lake, ili ajue sababu ya kuliacha. Wazee wajuao mambo haya wapungua kila mwaka, na mzee akiisha kuzikwa hakuna wa kumwuliza tena. Anzeni jioni ya leo, kabla taa haijazimwa.