Viko Vyetu Vitatu

Katika kurasa hizi mmezoea kuletewa habari za malezi, za mashamba na za safari. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya jambo dogo, ambalo wengine hudhani halimpasi mwalimu kulitaja, nalo ni kiko na tumbaku yake. Wako watakaokunja uso kwa kuona neno lenyewe tu, wala hatuwalaumu. Twawasihi wasome kwanza hata mwisho, ndipo wakunje.

Sisi tu watu wa Songea, na huko kwetu tumbaku si mgeni. Tangu mwaka 1936 wakulima wa Ungoni na Umatengo walikuwa na chama chao cha ushirika, kilichoitwa kwa kifupi NGOMAT, cha kuuza tumbaku ya moshi. Yaani ile inayoning'inizwa katika fito ndani ya bani, na chini yake huwashwa moto wa kuni, hata majani yageuke rangi yawe kama kahawa iliyokaangwa. Babu yetu alikuwa mkulima wa tumbaku hiyo. Majani mazima aliyapeleka chamani, yaliyopasuka akayaweka kwa ajili ya kiko chake, akisema kwamba jani lililopasuka limepoteza bei, halikupoteza ladha. (Kuni alizotumia miaka yote hiyo hakuzisema, walakini kilima kilicho nyuma ya nyumba yake kimebaki kitupu, nacho chasema chenyewe.)

Kiko chake kilikuwa cha udongo mweusi, alichofinyangiwa na dada yake, kikatiwa mwanzi mfupi wa kuvutia. Kazi yetu sisi, tulipokuwa na umri wa miaka sita au saba, ilikuwa kuleta kaa la moto kutoka jikoni. Tulilibana kwa vijiti viwili, tukaenda mbio mbio lisizimike, tukaliweka juu ya tumbaku. Babu akavuta mara mbili tatu, akafumba macho, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu, u mtu." Hatukumbuki sifa nyingine katika utoto wetu iliyotuingia moyoni kama ile.

Watu wa pwani nao walikuwa na kiko chao cha maji, nacho kina sehemu nyingi kama chombo cha baharini: kifuu cha nazi chenye maji, na digali, na bori la kutilia tumbaku, na shilamu ya kutia mdomoni. Hata sauti ya maji yanapogugumia ndani yake ina jina lake, malio ya kiko. Twadhani watu waliotafuta jina la sauti ile walikuwa wamekaa wakiisikiliza jioni nyingi sana.

Kiko chetu cha pili ni cha mzizi. Tulipewa na mzee mmoja mgeni aliyefundisha pamoja nasi, siku aliporudi kwao. Kwa muda tulidhani ni mti wa kawaida, kisha tukasoma tukajua kwamba ni kile kinundu kilicho kati ya shina na mizizi ya kichaka ambacho wataalamu hukiita Erica arborea. Mafundi wa mji wa Saint-Claude, katika milima ya Ufaransa, walianza kukichonga viko katika miaka ya 1850. Kinundu huchemshwa muda wa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha huachwa kikauke polepole sana, maana kikiharakishwa hupasuka. Mti wake ni mgumu, nao hustahimili moto pasipo kuungua upesi. Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni hili, kwamba kichaka hicho chamea hata katika Kilimanjaro, juu ya msitu, pale penye baridi na ukungu, na wapagazi hupita katikati yake kila siku na mizigo yao vichwani.

Cha tatu ndicho tukipendacho, nacho ni cha jiwe. Tulikinunua Arusha kwa mzee aliyeuza vitu vikuukuu, misumari na kufuli zisizo na funguo. Kina vazi la ngozi kwa nje, na katika shina lake pana alama ndogo ya tembo. Jiwe hilo ni jeupe, jepesi, laini hata ukucha waweza kulikwaruza. Wajerumani huliita povu la bahari. Ulimwenguni kote sifa yake imetoka Eskişehir, katika nchi ya Uturuki, ambako mafundi huchonga vichwa vya masultani na simba. Lakini lilipatikana pia Sinya, katika mbuga kavu iliyo upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, karibu na Amboseli, na katika miaka ya 1950 palikuwapo Arusha kiwanda cha kuchonga viko vya jiwe hilo, vikauzwa ng'ambo kwa jina la Kiswahili, Kiko. Jiwe hunyonya mafuta ya moshi, likageuka kidogo kidogo kutoka weupe kuwa manjano, kisha rangi ya asali. Mwenye kiko cha namna hii aweza kuona miaka yake ndani yake.

Msomaji asiye na jiwe wala mzizi asidhani ameachwa nyuma. Huko Marekani, katika mji wa Washington wa jimbo la Missouri, fundi mmoja jina lake Henry Tibbe alianza mwaka 1869 kutengeneza viko vya magunzi ya mahindi, na hata leo vyatengenezwa. Sisi tulijaribu kujichongea cha namna hiyo kwa gunzi la shambani kwetu. Kilivutika siku mbili, siku ya tatu kikatoboka chini, nasi tukapata tundu katika suruali ya kwenda kanisani.

Na sasa habari ya tumbaku yenyewe. Ile iitwayo Virginia, kama ilimwayo Tabora na Urambo, ina utamu ndani yake, lakini ukiivuta kwa pupa itakuchoma ulimi. Burley haina utamu mwingi, ila hunyonya kila kitu inachotiwa, asali au sukari. Latakia, yenye jina la bandari ya Siria, hukaushwa kwa moshi wa miti yenye harufu nzuri, na mtu akiifungua chumbani jirani huuliza nani amefukiza. Ustadi ni kuzichanganya. Tulipimapima jioni nyingi, tukiandika hesabu katika daftari kuukuu, hata tukafika hapa: sehemu tatu za Virginia ya Tabora, na sehemu moja ya tumbaku ya moshi ya Songea. Ukizidisha ya moshi, yaimeza ile nyingine kama mgeni asemaye peke yake barazani. Kutia kikoni nako kuna adabu yake: chini legelege, juu ikazwe kidogo, washa, majani yatainuka, yashindilie kwa kidole kigumu, washa tena. Kisha kiko kipumzike siku nzima kipate kukauka.

Basi mmeona jinsi tulivyokipenda kitu hiki. Sasa tuseme na lile lililobaki.

Mwaka 2008 babu alitokewa na kidonda katika mdomo wa chini, upande ule ule alioweka mwanzi wa kiko. Alikipaka dawa za miti miezi mingi. Tulipomfikisha hospitali mganga alikitazama kidogo tu, akatuuliza, "Mzee huyu huvuta kiko?" Ilikuwa kansa, nayo ilikwisha kushuka shingoni. Mwaka uliofuata tukamzika. Sisi wakati ule tulikuwa tukijifunza ualimu, na tulijua yakini kwamba moshi wa tumbaku huleta kansa ya midomo, ya ulimi, ya koo na ya mapafu, na kwamba kutoumeza moshi hakumwokoi mvuta kiko. Tuliyajua hayo, tukayafundisha darasani kwa picha ubaoni. Na matanga yalipokwisha tukaomba tupewe kiko chake.

Mwenzetu wa nyumbani alisema mara moja tu. "Mwalimu, watoto wako darasani wakisikia harufu ya koti lako, wataamini koti au ubao?" Tulimjibu kwamba twavuta Jumamosi peke yake, nje, chini ya mwembe. Alinyamaza. Tukajiona tumeshinda.

Hata Jumamosi moja, baada ya mvua, tuliketi chini ya mwembe na kiko cha jiwe tayari mkononi, kibiriti kimelowa. Mwanetu, ambaye ana miaka saba, aliona tunahangaika na njiti. Akatoka jikoni mbio mbio, na katika vijiti viwili amebana kaa la moto. Hakuna aliyemfundisha. Akasimama mbele yetu, akihema, uso wake waka kwa furaha, akasema, "Baba, nikuwekee?"

Tulifungua mdomo tuseme, "Ahsante, mwanangu," na maneno hayakutoka. Tulimwangalia hata kaa likaanza kufanya majivu. Mwisho tukamwambia alirudishe jikoni. Akaenda polepole, akidhani amekosa, na hilo lilituuma kuliko yote.

Tangu siku ile ni miezi saba, nasi hatujawasha. Hatuapi kwa habari ya mwezi wa nane. Viko vyote vitatu viko juu ya rafu, na Jumamosi twavishusha, twavifuta kwa kitambaa, twafungua kopo tukanusa, kisha twalifunga. Mwanetu huja kukaa karibu. Juma lililopita ameuliza tembo yule katika shina ni wa nini, nasi tukachora mlima mchangani, na Sinya nyuma yake, na mashimo ya watu waliochimba jiwe jeupe. Akauliza kama mawe yamekwisha. Tukamwambia kwamba tukijaliwa tutakwenda tukatazame.