Ndutu: Wodi ya Wazazi Isiyo na Mkunga

Watoto wa mjini Februari tunaijua kwa nguo nyekundu na kadi za wapendanao. Wenzetu nyumbu mwezi huo wako leba! Kama unabisha, panda gari Arusha, pita Karatu na Ngorongoro, teremka mpaka Ndutu, jirani na Serengeti.

Nilichokiona huko ni kasheshe. Kila upande mama analala, anasukuma, anainuka. Ndama anadondoka, anayumba kama mlevi wa Jumamosi, na dakika chache baadaye anakimbia ubavuni mwa mama yake. Asipokimbia, fisi yuko pembeni, wala hana haraka.

Sasa nani kawapangia tarehe? Nyumbu hawa ni zaidi ya milioni moja, na karibu asilimia 80 ya ndama huzaliwa ndani ya wiki mbili tatu tu. Siri ni mvua. Majani mafupi ya Ndutu yameota juu ya majivu ya volkano, yana kalsiamu na fosforasi tele, vitu vya kujenga mifupa na kuleta maziwa. Mimba ni miezi minane na ushei, kwa hiyo "harusi" hufanyika Mei na Juni, mama akiwa bado kanona kwa majani ya masika. Hesabu kali!

Kuzaa kwa mpigo nako ni ujanja. Fisi na simba wana tumbo moja tu; wakishashiba, ndama waliobaki wanapeta. Anayezaliwa peke yake nje ya msimu, huyo kaumia. Simba mwenyewe hana kalenda, anazaa mwezi wowote.

Ngoma nzito iko hapa: mimba ikishaingia Mei, haiwezi kuambiwa isubiri. Mvua ikichelewa, mama anajifungulia kwenye vumbi na maziwa yanakata. Ukame wa 1993 uliua nyumbu maelfu kwa maelfu. Na siku hizi, wewe mwenyewe shahidi, mvua zetu zinakuja zinavyotaka.

Nilimwuliza dereva wetu, "Kaka, na mvua ikigoma kabisa?"

Akatazama mawingu upande wa kreta, akawasha gari. "Hapo, mdogo wangu, atakayenenepa ni fisi."