Fundi wa Gambusi

Katika miaka yangu ya mwisho kazini, wanafunzi walipokutana na neno "kinanda" katika ushairi wa kale walidhani ni kile cha kubonyeza kwa vidole. Ilinibidi kuwaeleza kuwa wahenga wa mwambao walikusudia ala ya nyuzi. Kila nilipoeleza nilimkumbuka mzee mmoja wa Ng'ambo, Unguja, aliyekuwa akichonga gambusi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nami ni mwanachuo wa ualimu.

Udi huungwa kwa vibao vyembamba. Gambusi hutolewa katika gogo moja. Mzee alilichimba kwa tezo na patasi hadi likawa jepesi, akawamba ngozi ya mbuzi tumboni, kisha akatia nyuzi. Za utumbo hazikupatikana tena, akatumia mshipi wa kuvulia.

Siku moja nilimpelekea shairi langu, nikijivunia kuwa kila mshororo una mizani 16. Akaanza kuliimba huku akipiga: "Rafiki niliyempenda amenihama leo." Akasita.

"Mwalimu wangu, hesabu yako sawa. Lakini neno umelikata kiuno."

Nikahesabu tena. Mizani ya nane iliangukia ndani ya "niliyempenda". Ukwapi ulikwisha kabla ya neno kwisha. Sikio lake lilinasa kosa ambalo vidole vyangu havikuliona. Nikaandika upya: "Rafiki wangu mpenzi, leo amenikimbia." Akapiga bila kusita.

Mzee huyo alihifadhi kifuani nyimbo nyingi za kinanda. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaniomba nimwandikie. Nikaahidi likizo ijayo. Nikapangiwa shule Pemba, na kila likizo ikaja na madaftari ya kusahihisha. Mwaka wa tatu nilikwenda na daftari jipya. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akaniambia kuwa tumekwisha kumzika.

Kwa zaidi ya miaka 30 nimewaonya wanafunzi wasilikate neno kiuno, wala sikuwaambia kauli hiyo niliipata kwa nani. Nilikuwa nikiona haya, kwani ningetaja jina lake wangeniuliza nyimbo zake ziko wapi.

Msomaji mwenye mzee ajuaye nyimbo za kinanda, nakuomba uende na daftari wiki hii. Usingoje likizo.