Fundi Umeme Aliyeokolewa na Tiki Mbili za Bluu

Kuna fundi umeme mmoja wa Mbagala, mtu mzima, kazi hii kaianza hata simu za kubonyeza hazijafika mtaani kwao. Ofisi yake ni begi: testa, plaizi, bisibisi na kidaftari kilichojaa vumbi la saruji. Ramani ya nyumba zote alizofunga ipo kichwani. Ukimuuliza waya umepita wapi, ananyoosha kidole ukutani. "Hapa." Na kweli upo hapo.

Halafu akaja mpwa wake. Binti katoka VETA na cheti chake cha umeme, simu haimtoki mkononi. Site ya kwanza waliyopiga pamoja ilikuwa Goba. Kabla lipu haijapigwa, binti anaweka futi ukutani, anapiga picha mabomba ya kupitishia waya, chumba kwa chumba, kisha anatupia kwenye grupu la WhatsApp alilofungua mwenyewe. Watu watatu tu: yeye, mjomba na mwenye nyumba.

"Mwanangu, tunafunga umeme au tunapiga picha za harusi?"

"Bando ni langu, mjomba. Wewe vuta waya."

Mzee akacheka, akaendelea. Kwake yeye simu ilikuwa ya kupokea hela na kununulia LUKU, basi. Hata maombi ya umeme ya wateja, yanayojazwa siku hizi kupitia NiKonekt, alikuwa anamsukumia binti.

Kazi ikaisha, ikabaki laki saba ya mwisho. Mzee alishaipangia: ada ya kitinda mimba. Badala ya hela ikaja simu ya lawama. Fundi wa makabati ya jikoni alikuwa anatoboa ukuta kwa drili, cheche zikaruka, umeme ukakata nyumba nzima. Mwenye nyumba kawaka kuliko hizo cheche. Eti waya umepitishwa kimshazari, ovyo ovyo, ndiyo maana umetobolewa. Laki saba hatoi, na majirani wote atawaambia.

Hapo ndipo paliuma. Kazi za umeme mtaani zinatafutwa kwa kuulizana. Jina likichafuka Goba, hata leseni ya EWURA haikusaidii.

Mzee alijua hakupitisha waya kimshazari, miaka yote anaupandisha wima juu ya soketi. Ila lipu imeshaziba, rangi juu yake. Atamnyooshea nani kidole?

Binti hakubishana. Alipandisha juu kwenye grupu, akaitafuta picha ya jikoni, akaijibu palepale: "Bosi, angalia futi. Bomba limenyooka juu ya soketi, sentimita 40 kutoka kona. Tobo lipo ngapi?" Picha hiyo ilikuwa na tiki mbili za bluu tangu siku ilipotumwa. Bosi aliiona mapema tu, hakumwonyesha fundi wa makabati.

Kimya. Jioni simu ya mzee ikaita mlio wa muamala. Laki saba kamili. Samahani hakuna, ila hela imeingia.

Kuanzia hapo mzee akawa anauliza mwenyewe, "Umeshapiga picha?" Binti naye kichwa kikaanza kuvimba kidogo. Mpaka ile video ya usiku.

Mama mmoja mteja wao alirekodi sakiti breka ya hita ya maji inavyoanguka kila akiipandisha. Binti akaitazama mara mbili, akaanza kuandika: zima hita kwanza, kisha jaribu kupandisha tena. Mzee akamnyang'anya simu, akapiga.

"Mama, usiguse chochote. Unasikia harufu gani hapo?"

"Kama plastiki inaungua, fundi."

"Zima meini swichi. Tunakuja."

Walipofungua, skrubu iliyobana waya wa hita chini ya breka ilikuwa imelegea. Waya umepata moto mpaka ganda limeyeyuka, limekuwa jeusi. Breka ilikuwa inaanguka kwa sababu, na kila alipoipandisha yule mama alikuwa anaurudisha moto.

Binti alinyamaza muda mrefu. Mzee hakumsema. Alimwonyesha tu ule waya, akamwambia, "Video haina harufu, mwanangu." Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akapiga picha ile sehemu iliyoungua. Kidole gumba kimeziba robo ya picha, lakini akaituma kwenye grupu.

Sasa wanaheshimiana vizuri: yeye anapiga picha kila ukuta, binti haruhusu mteja apandishe breka kwa maelekezo ya simu.

Na wewe unayejenga: kuta zako zimeshapigwa lipu. Picha za waya unazo, au unamtegemea fundi akumbuke?