Shaba Hung'aa, Mpira Huoza

Hapa Uvira wavuvi wa ndagala twawajua, na mafundi wa injini za mitumbwi twawajua. Lakini kazi ya kufufua mashine ya kale ya kuvutia pumzi chini ya maji, wachache wameiona. Kwa Kifaransa huitwa detanderi, nasi tumelishika jina hilo.

Iliyo mezani pangu ni ya mzee jirani, ambaye ujanani alizamia samaki wa rangi, wale wadogo wauzwao Ulaya wakae ndani ya vioo. Ni kisanduku cha shaba cha mviringo, hukaa mgongoni juu ya chupa ya hewa, na mabomba mawili ya mpira yenye mikunjo hupita mabegani mpaka kinywani. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuingia majumbani, ilizikwa katika matope. Sasa mwanawe ataka kuzama nayo. Mzee aliniambia, "Fundi, ukisema ni nzima, mtoto atashuka." Neno hilo si jepesi.

Basi, tazameni inavyofanya kazi. Ndani ya kisanduku mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Mzamaji avutapo pumzi, kiwambo huingia ndani na kusukuma wenzo mdogo; wenzo hufungua vali, na hewa humjia kwa nguvu ilingananayo na uzito wa maji yaliyomzunguka. Akiacha kuvuta, vali hujifunga. Ndiyo akili yote! Émile Gagnan na Jacques-Yves Cousteau waliitengeneza Ufaransa mwaka 1943, wakati wa vita. Walipoijaribu katika mto Marne, Cousteau akisimama wima hewa ilimwagika bure; akielekeza kichwa chini, ilikuja kwa shida. Dawa ilikuwa kuleta tundu la kutolea pumzi karibu na kiwambo chenyewe. Kijana aliniuliza kwa nini bomba la pili lirudi mpaka mgongoni badala ya kuishia mdomoni. Hiyo ndiyo sababu.

Shaba haikunisumbua. Kutu ya kijani iliondoka kwa siki iliyotiwa maji, kisha nikaisuuza sana. Ziwa letu halina chumvi ya bahari ya kula madini. Wapitao mlangoni waliiona inang'aa wakashangilia, "Imepona!" Kumbe mpira huzeeka hata ukilala sandukuni. Nilivuta mabomba mbele ya taa nikaona nyufa ndani ya mikunjo. Vali ya kutolea pumzi, ambayo ni kama mdomo wa bata, ilikuwa imegandamana kabisa. Wako wazibao nyufa namna hii kwa gundi ya baiskeli. Mimi siwezi kumpa mtoto wa mtu kitu cha namna hiyo. Wala mafuta ya injini hayafai, maana huozesha mpira, na mvuke wake huingia kifuani. Grisi iwe ya silikoni. Bahati njema, Marekani wako watu watengenezao viwambo na vali mpya kwa mashine hizi za zamani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata hewa. Funga chupa, tia kinywa, vuta. Ikija pumzi yoyote, pana tundu.

Mzee naye amfundisha mwanawe yaliyo nje ya kazi yangu. Asipande hata kidogo huku amezuia pumzi, kwa maana kutoka mita 10 mpaka juu hewa ya kifuani hutanuka karibu mara mbili. Tena ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, hivyo majedwali ya wazamiaji wa baharini hayafuatwi hapa bila kusahihishwa.

Kiwambo na mdomo wa bata vimekwisha kufika, navyo vyashika vema. Mabomba bado. Jumamosi kijana alileta chupa, ameipaka rangi nzuri ya manjano. Nimemrudisha nayo: rangi itoke, chuma kikaguliwe ndani na nje, kisha kipimwe kwa nguvu ya maji.