FLETI YA UPANGA YAWATOA JASHO WANANDOA, DENI LAZIDI BEI YA NYUMBA!

Wanandoa fulani wenye duka la vitenge Kariakoo walikopa benki wakanunua fleti Upanga. Mwanzoni raha tupu, picha za balkoni kila wikiendi. Biashara ilipoyumba, marejesho ya miezi minne yakalala.

Mume akawa hapokei simu za benki. Mke akamwita dalali, jibu likamkata maini: hata fleti ikiuzwa leo, deni haliishi.

"Tuwape funguo yaishe," mume akasema.

Wapi! Ikiuzwa chini ya deni, benki inaweza kukudai salio.

Notisi ilipofika, mke akaisoma neno kwa neno. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mkopaji ana siku 60 tangu apokee notisi kabla benki haijauza. Na benki haiuzi kwa bei ya kutupa. Lazima itafute bei nzuri.

Hakusubiri siku ziishe. Akabeba daftari la mauzo hadi benki.

"Kaka, milioni mbili kwa mwezi imetushinda. Milioni moja na laki saba tunaweza. Tuongezeeni miaka."

Ofisa akataka kwanza nusu ya malimbikizo. Wakauza gari, muda ukaongezwa. Riba ya jumla imepanda, ndiyo, na Kariakoo sasa wanaenda kwa mguu. Ila jioni wanarudi kwao.

Wadau, umechacha halafu benki inapiga: unapokea au unazima simu?